MALI BILA DAFTARI: FUNZO LA UTAFITI WA MULAGO KWA MFANYAKAZI



Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kila kiwanda na kila shamba kubwa lazima kuwe na daftari la ajali. Kibarua akikatwa kidole na mashine asubuhi, na jina lake lisiandikwe humo, jioni mwajiri anaweza kusema kidole kilikatwa nyumbani. Ndiyo maana chama hakichoki kuwaambia wanachama: hakikisha imeandikwa, hakikisha tarehe ni ya siku ile ile, hakikisha una nakala.

Leo tunataka kuzungumza juu ya daftari la namna nyingine, ambalo majina yetu na ya watoto wetu yanaweza kuingia humo bila sisi kujua thamani yake. Ni daftari la majaribio ya dawa. Tunataka kujua likiandikwa vibaya ni nani husema kwamba limeandikwa vibaya, ni nani hukataa, na mnyonge aliyemo ndani yake hubaki wapi.

Jambo hili si la wasomi peke yao. Hapa Kampala, divisheni ya Kawempe ni makao ya watu wa kazi. Wanaofanya kazi viwandani, wanaouza sokoni na wanaoendesha boda boda wamepanga vyumba Bwaise, Kyebando, Kanyanya na Mpererwe. Katika divisheni hiyo hiyo umo mlima wa Mulago pamoja na hospitali yake kubwa, kimo Chuo Kikuu cha Makerere, na imo Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Kawempe ambako maelfu ya akina mama hujifungua kila mwaka. Panapokutana hospitali kubwa, chuo kikuu na wagonjwa wengi wenye kipato kidogo, hapo ndipo watafiti huja. Hatusemi ni vibaya waje. Dawa nyingi tunazomeza zisingekuwako bila watu waliokubali kujaribiwa. Tunasema tu kwamba anayetoa damu yake katika kazi ana haki ya kujua jinsi kazi hiyo inavyosimamiwa.

JARIBIO LA MWAKA 1997

Tuanze na habari yenyewe. Mwezi wa Novemba 1997 madaktari wa Makerere wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani walianza jaribio katika Hospitali ya Mulago. Lilijulikana kwa jina la HIVNET 012. Fedha zilitoka katika serikali ya Marekani. Miongoni mwa viongozi wake walikuwamo Profesa Francis Mmiro wa Makerere, Dkt. Laura Guay na Dkt. Brooks Jackson.

Siku hizo mama mwenye virusi vya UKIMWI hakuwa na kinga ya kumpa mtoto wake. Nchi tajiri zilikuwa na dawa iitwayo AZT, lakini utaratibu wake ulikuwa mrefu na bei yake haikuweza kulipwa na hospitali zetu. Watafiti walitaka kujua kama dawa nyingine, nevirapini, ingeweza kusaidia kwa njia rahisi zaidi. Mama alimeza kidonge kimoja uchungu ulipoanza, na mtoto akapewa dozi moja ya maji ndani ya siku tatu baada ya kuzaliwa. Kundi la pili la akina mama lilipewa AZT ya muda mfupi. Kwa jumla waliandikishwa akina mama 645.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la kitabibu la The Lancet mwezi wa Septemba 1999. Kati ya kila watoto 100 wa kundi la AZT, 25 hivi walikuwa wameambukizwa walipofika umri wa wiki 14 hadi 16. Katika kundi la nevirapini walikuwa 13 hivi. Maambukizi yalikuwa yamepungua karibu nusu, kwa dawa ambayo gharama yake ilitajwa kuwa dola 4 hivi kwa mama na mtoto. Shirika la Afya Duniani liliikubali njia hiyo, nchi nyingi za Afrika zikaifuata, na kampuni ya Boehringer Ingelheim inayotengeneza dawa hiyo ikaahidi mwaka 2000 kuitoa bure kwa nchi maskini kwa miaka mitano.

Mpaka hapo ni habari njema, na wengi wangependa iishie hapo.

UGOMVI WA KIDONGE KITUPU

Kabla hata ya daftari kukaguliwa, wataalamu walikuwa wamekwisha kugombana juu ya jambo jingine. Jaribio la Mulago lilipoanza lilikuwa na kundi la tatu, ambalo akina mama wake walipewa kidonge kisicho na dawa ndani yake, ili watafiti wapate kulinganisha. Majaribio mengine ya namna hiyo yalikuwa yakifanyika wakati huo huo katika nchi kadhaa za Afrika na Asia.

Mwaka 1997 madaktari wawili wa Marekani, Peter Lurie na Sidney Wolfe, waliandika katika jarida la madaktari la New England kwamba majaribio hayo yanakiuka maadili. Hoja yao ilikuwa fupi: kama kule Marekani imekwisha kujulikana kwamba AZT inazuia maambukizi, kwa nini mama wa Afrika apewe kidonge kitupu? Mhariri wa jarida hilo aliyafananisha na utafiti wa Tuskegee. Wengi wetu hatujui Tuskegee ni nini, nasi ni watu wa mashamba na viwanda, basi yafaa tujue. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972 serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi 600 hivi katika jimbo la Alabama, wengi wao wakulima maskini wa kulima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba. Kati yao 399 walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa ukweli wa ugonjwa wao, na hata penisilini ilipopatikana hawakupewa.

Daktari wa Uganda, Edward Mbidde, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya utafiti wa UKIMWI katika Taasisi ya Saratani ya Uganda, aliwajibu wakosoaji kwa ukali. Alisema kwamba tafiti hizi ni za Wauganda, zinaendeshwa na Wauganda, kwa faida ya watu wao. Mtu wa mbali anayetaka kuzisimamisha kwa vipimo vya nchi yake, alisema, anatuletea ukoloni wa namna nyingine kwa jina la maadili.

Mwezi wa Februari 1998 matokeo kutoka Thailand yalionyesha kwamba hata AZT ya muda mfupi inapunguza maambukizi kwa nusu. Hapo kundi la kidonge kitupu la Mulago likafungwa. Lilikuwa limeandikisha akina mama 19 tu.

Tunaona nini? Jambo ni lile lile, na watu wote wanaolitazama ni madaktari. Mmoja anaona unyonyaji, mwingine anaona uhuru wa nchi yake. Wote wawili walikuwa na sehemu ya haki. Lakini hakuna kati yao aliyekuwa amelala katika kitanda cha wodi ya wazazi.

WAKAGUZI WALIPOFIKA

Baada ya matokeo kusifiwa, Boehringer Ingelheim iliomba mamlaka ya dawa ya Marekani iidhinishe nevirapini kwa kazi hii mpya ya kukinga watoto. Mamlaka hiyo haikubali maneno matupu. Hutuma watu wake kufungua madaftari. Kabla hawajafika, Wamarekani waliotoa fedha waliituma kampuni ya ukaguzi ya Westat mwanzoni mwa mwaka 2002 itazame hali ilivyo.

Westat ilikuta matatizo mengi. Kumbukumbu hazikutunzwa kama kanuni zinavyotaka. Hati za ridhaa za akina mama zilikuwa na kasoro. Na jambo kubwa kuliko yote, magonjwa na madhara makubwa yaliyowapata mama na watoto hayakuwa yameripotiwa yote kwa namna iliyotakiwa. Mwezi wa Machi 2002 kampuni ikaondoa maombi yake. Kazi ya kupitia upya mafaili ya Mulago ikaanza.

Wakaguzi wa utafiti wana msemo wao: kisichoandikwa hakikutokea. Mfanyakazi anaujua msemo huo hata kama hakuusikia kwao, maana ndio unaompotezea fidia kila siku.

MACHO MBALIMBALI

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha makala yetu. Wataalamu waliyatazama makosa hayo hayo, na kila mmoja akaona kitu chake.

Madaktari wa wodini waliona mazingira ya kazi. Walikuwa wakifanya kazi katika hospitali iliyojaa, ambako watoto wengi huzaliwa na uzito mdogo, hupata homa ya manjano, huishiwa damu, huugua malaria. Ugonjwa ambao Marekani ungeitwa tukio kubwa la kushtua, Mulago ulikuwa jambo la kila siku. Waliupima kwa kipimo cha mahali pao. Kwao, mgonjwa aliyetibiwa vizuri ni muhimu kuliko fomu iliyojazwa vizuri.

Wakaguzi waliona fomu. Kanuni inasema kila kifo na kila kulazwa hospitali kuripotiwe, hata kama daktari anaamini dawa haihusiki kabisa.

Nani ana haki? Sisi wa viwandani tuna mfano unaotusaidia kujibu. Katika viwanda vya pamba vya nchi nyingi wafanyakazi walikuwa wakikohoa na kubanwa kifua, hasa siku ya Jumatatu wanaporudi kazini baada ya mapumziko. Msimamizi akisema ni mafua, ni sigara, ni umri, watu wote hukohoa. Ukimtazama mtu mmoja mmoja, kikohozi chake ni cha kawaida kweli. Ni pale walipohesabiwa wote, siku kwa siku, chumba kwa chumba, ndipo ilipodhihirika kwamba vumbi la pamba linaharibu mapafu. Kilichowaokoa waliofuata ni hesabu, wala si huruma ya msimamizi.

Ndivyo ilivyo kwa dawa. Daktari aliyeko kando ya kitanda hawezi kujua kama upele wa mtoto mmoja umetokana na dawa au na jambo jingine. Atakayejua ni yule atakayehesabu upele wote wa kundi hili na upele wote wa kundi lile. Daktari akisema hili ni la kawaida, siliandiki, basi amejibu swali kabla halijaulizwa. Kwa hiyo hatuwalaumu madaktari wa Mulago kwa kutojali, maana walijali sana. Lakini daftari linalohusu mwili wa mtu haliwezi kuwa jambo la karani tu.

Mtu wa tatu alikuwa Dkt. Jonathan Fishbein. Mwaka 2003 aliajiriwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ili asimamie kwamba tafiti za UKIMWI zinafuata kanuni. Alipolitazama faili la Mulago alisema kazi ile haikufikia kiwango, na kwamba wakubwa wake wanapunguza uzito wa makosa. Wakubwa wakasema kazi yake yeye mwenyewe hairidhishi. Alikuwa bado katika muda wa majaribio ya ajira. Mwezi wa Desemba 2004 habari zikatoka katika magazeti ya dunia. Mwaka 2005 akaachishwa kazi, na mwisho wa mwaka huo huo serikali ikakubali kumrudisha. Hatuna haja ya kuamua hapa kama kila alilosema lilikuwa sawa. Tunachosema ni kwamba mfanyakazi yeyote anaijua njia aliyopitia. Ukimya wako huitwa nidhamu, na ukisema, siku hiyo hiyo kazi yako inaanza kuonekana mbaya.

Wa nne walikuwa watu wa siasa. Afrika Kusini, jarida la chama cha ANC lilidai kwamba Wamarekani wamewatumia Waafrika kama panya wa maabara. Nchi hiyo ilikuwa na ugomvi wake kuhusu dawa hiyo hiyo: mwaka 2002 Mahakama ya Katiba iliiamuru serikali iwape nevirapini akina mama katika hospitali za umma, baada ya serikali kusitasita kwa muda mrefu.

Wa mwisho walikuwa wataalamu wa Taasisi ya Tiba ya Marekani, walioombwa wapitie jambo lote upya. Walitoa ripoti yao mwezi wa Aprili 2005. Walikubali kwamba utunzaji wa kumbukumbu ulikuwa na upungufu. Lakini walisema upungufu huo haubadilishi matokeo, takwimu zinaaminika, na hakuna sababu ya kuufuta utafiti ule.

Basi mambo yote mawili ni kweli kwa pamoja. Dawa ilifanya kazi, na daftari halikuandikwa vizuri. Anayekupa nusu moja ya habari hii anakudanganya, hata kama nusu hiyo ni kweli tupu. Na ieleweke kwamba njia ile ya dozi moja imekwisha kuachwa. Iligunduliwa kwamba kwa baadhi ya akina mama virusi hujenga usugu dhidi ya nevirapini baada ya dozi hiyo moja. Tangu mwaka 2012 Uganda imefuata utaratibu wa kumpa kila mama mjamzito mwenye virusi dawa kamili kwa maisha yake yote. Mama asiache dawa zake kwa sababu ya ugomvi wa mwaka 2004.

UZEMBE NA UONGO SI KITU KIMOJA

Katika kanuni za serikali ya Marekani za mwaka 2000, utovu wa maadili katika utafiti una maana tatu tu: kubuni takwimu ambazo hazikuwako, kugeuza takwimu zilizoko, na kuiba kazi ya mwenzio. Kosa la bahati mbaya halimo. Kwa kipimo hicho ripoti ya 2005 haikukuta udanganyifu Mulago.

Linganisha na habari ya Kano, Nigeria. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake Trovan kwa watoto. Walikuwa 200, nusu walipewa dawa hiyo na nusu dawa nyingine. Watoto 11 walikufa, 5 katika kundi la kwanza na 6 katika kundi la pili. Baadaye ikagunduliwa kwamba barua ya kamati ya maadili iliyoonyeshwa kama kibali iliandikwa baada ya jaribio kwisha na kupewa tarehe ya nyuma. Kampuni ilikana kwamba dawa yake iliua, lakini mwaka 2009 ilikubaliana na serikali ya jimbo la Kano kulipa dola milioni 75. Tarehe ya nyuma si uzembe wa mtu aliyechoka. Mtu aliketi akaamua kuandika uongo.

Je, mambo ya namna hiyo ni mengi? Mwaka 2009 mtafiti Daniele Fanelli alikusanya pamoja majibu ya tafiti zilizowauliza wanasayansi wenyewe. Kati ya kila 100, wawili hivi walikiri kwamba walau mara moja walibuni au kugeuza takwimu. Walipoulizwa juu ya wenzao, 14 hivi kati ya 100 walisema wamemwona mtu akifanya hivyo. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Brian Martinson walikuta kwamba mtafiti mmoja kati ya watatu alikiri kufanya walau jambo moja lisilofaa katika miaka mitatu iliyopita. Mengi ya mambo hayo si uongo mtupu. Ni kupindisha kidogo, kuacha kidogo, kufumba jicho.

Tazameni hesabu hiyo vizuri. Kila mtu anaona kosa la jirani kuliko lake. Wataalamu nao ni watu, na hawana tofauti na nyapara ambaye kwa macho yake saa za ziada asizolipa ni mazoea tu, lakini kibarua akichukua kipande cha sabuni ni mwizi. Kwa hiyo haitoshi kuwaachia wataalamu wajitazame wenyewe.

WAFANYAKAZI NDANI YA UTAFITI

Kuna watu wengine ambao husahauliwa kila mara habari hizi zinapozungumzwa. Ni wauguzi, makarani wa takwimu, watu wa maabara, na wale wanaotembea nyumba kwa nyumba kuwatafuta akina mama waliokosa kurudi kliniki. Hao ndio wanaoandika daftari. Daktari mkubwa hutia sahihi, lakini mkono unaojaza fomu ni wa mfanyakazi mdogo.

Wengi wao huajiriwa kwa mkataba wa mradi. Fedha za mradi zikiisha, kazi imekwisha. Wanapewa idadi ya watu wa kuandikisha kwa mwezi, na idadi isipofikia, lawama ni yao. Mwambieni karani wa mkataba mfupi akatae kujaza fomu ya jana kwa tarehe ya leo wakati bosi wake amesimama mlangoni! Anayesema ukweli katika hali hiyo anahatarisha chakula cha watoto wake.

Kwa hiyo tunasema jambo ambalo halisemwi katika semina za maadili: daftari la kweli linatoka kwa mfanyakazi asiyeogopa. Wafanyakazi wa utafiti nao wanahitaji mikataba ya haki na chama cha kuwatetea. Uganda tunayo Sheria ya Kuwalinda Watoa Habari ya mwaka 2010, inayomlinda mtu anayetoa taarifa juu ya maovu kazini, serikalini na katika kampuni za watu binafsi. Lakini sheria iliyo kabatini haimlindi mtu. Inamlinda anapoijua, na anapokuwa na wenzake nyuma yake.

UKIOMBWA KUINGIA KATIKA JARIBIO

Uganda haina uhaba wa vyombo vya kusimamia. Kila utafiti juu ya watu ni lazima upitishwe na kamati ya maadili na kuandikishwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Majaribio ya dawa hupitia pia Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Lakini vyombo hivyo viko ofisini, na wewe ndiye uliye kliniki. Basi ukiombwa wewe, mkeo au mwanao, uliza haya bila haya wala woga:

1. Ni kamati gani iliyokubali utafiti huu? Jina lake na nambari ya simu lazima viwe kwenye karatasi unayopewa, ili uweze kuwauliza wao wenyewe.

2. Karatasi ya ridhaa iko katika lugha ninayoielewa? Kama husomi, isomwe mbele ya shahidi wako, si shahidi wao peke yao. Usitie sahihi wala kidole gumba siku ambayo hujaelewa. Na uondoke na nakala yako.

3. Nitapewa dawa gani? Kuna kundi la kidonge kisicho na dawa? Kama kuna dawa inayojulikana kwa ugonjwa wangu, nitaipata?

4. Nikidhurika, ni nani atanitibu na kunilipa? Jaribio la dawa linapaswa kuwa na bima. Uliza ilipo.

5. Nikitaka kutoka, nitaendelea kupata matibabu ya kawaida? Jibu la haki ni ndiyo. Wakisita, na wewe sita.

6. Nikiugua nyumbani, nimwambie nani? Kisha mwambie, hata kama ni mafua, na umwone akiandika. Usijiamulie kwamba ni jambo dogo. Kumbuka wale wa pamba.

7. Je, mwajiri wangu anahusika? Nyapara au bwana shamba asiwe mtu wa kukuandikisha. Ridhaa mbele ya mtu anayeweza kukufukuza kazi si ridhaa. Ukilazimishwa, njoo chamani.

Hayo si maswali ya kumtukana daktari. Mtafiti mwema hufurahi kuulizwa, kwa sababu kazi yake inasimama kwa imani ya watu. Anayekasirika ndiye wa kuogopwa.

Ndugu, tusiwe watu wa kukimbia kila sindano kwa sababu ya uvumi, maana uvumi umeua watoto wengi kuliko majaribio. Wala tusiwe watu wa kutia kidole gumba kwa ajili ya sabuni na nauli. Wanawake 645 wa Mulago walilipa dunia jambo kubwa: walionyesha kwamba mtoto wa maskini anaweza kukingwa kwa dawa ya bei ndogo. Hawakustahili daftari lenye mashimo. Walistahili kila homa ya watoto wao, kila upele na kila kifo, kiandikwe na kuhesabiwa kama mali ya thamani, kwa sababu ndivyo kilivyokuwa.

Katika matawi yetu ya viwandani na mashambani, wasomeni wenzenu makala hii kwa sauti wakati wa mapumziko, hasa wale wasiojua kusoma. Kisha mwulizeni mwajiri swali moja la kwanza: daftari letu la ajali liko wapi, na liliandikwa mara ya mwisho lini?